Kamba ya Habona

Jirani yangu hapa mjini amefunga makopo matupu ya maziwa kwenye lango lake, ili mbuzi wakilisukuma asikie. Asubuhi moja wiki iliyopita mbuzi alilisukuma, na mimi, mtu mzima mwenye shahada na mvi, nikaruka kutoka kitini nikipiga kelele, "Haya! Haya!" huku mkono ukitafuta donge la udongo la kurusha. Mke wangu aliniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye chai yake. Amenizoea.

Wenzangu mliolelewa kando ya mashamba ya mpunga mmeshaelewa. Wengine niwasimulie. Katika miaka ya hamsini kijiji chetu kilikuwa juu ya ukingo wa Tana, si mbali na Garsen. Nyuma ya nyumba ardhi ilishuka hadi bondeni, ambako mto ulifurika na kuacha matope meusi yenye harufu ya samaki na majani yaliyooza. Humo tulipanda mpunga. Ulipoanza kutia maziwa, ndege wadogo wenye midomo myekundu walishuka makundi kwa makundi, na watoto wote tukapelekwa kuamia, yaani kuwafukuza. Ulipanda dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, ukavuta kamba zilizofungwa makopo kila upande, ukapayuka na kurusha madonge kwa kombeo tangu kupambazuka hadi jua kuzama. Ujira wake ulijulikana. Siku ya mavuno kila aliyeamia alipimiwa kikapu chake cha mpunga, awe mkubwa au mdogo, na hata baba yake hakukigusa bila kumwomba.

Habona hakuwa na kikapu. Alikuwa binti wa Mama Hawa, mdogo wake mama yangu, na alikuwa na maradhi ya moyo tangu utoto. Miguu ilimvimba, na akienda hadi jikoni alirudi akihema kama aliyekimbizwa. Dresa wa zahanati, yule msaidizi wa daktari, alimsikiliza kifua, akampeleka hospitali ya mbali, naye akarudi na chupa ya dawa na amri kwamba asitembee, asipande, asibebe. Basi kitanda chake cha kamba kiliwekwa mlangoni, apate hewa. Msimu wa ndege kijiji kizima kilishinda bondeni, yeye akabaki na kuku. Jioni tuliporudi tulimkuta ametuwekea maswali ya siku nzima, nasi tulikuwa tumechoka mno kuyajibu. Mwaka mmoja aliacha kuuliza. Aligeuza uso ukutani, na uji wake ukawa unapoa.

Dada yangu Amina ndiye aliyesema tuchange fedha, tumnunulie kitu cha kumchangamsha. Mimi ndiye niliyejiteua mwenyekiti. Nimekuwa mwenyekiti wa mambo mengi tangu siku ile, na mtindo wangu haujabadilika sana: Amina alifanya kazi, mimi nikatoa mwongozo.

Fedha zilikuwa Garsen, penye kivuko. Malori na basi la Lamu yalisimama pale yakingoja pantoni ivutwe kutoka ng'ambo, na abiria walikuwa na njaa na hawana pa kwenda. Siku ambazo hatukuwa na zamu ya dungu tuliwauzia mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu. Lori likikwama kwenye tope tulilisukuma, likatupaka matope hadi kope, utingo akatutupia senti. Zile senti za tundu Amina alizitunga kwenye uzi wa ukindu akazivaa shingoni, ndani ya nguo. Nilipinga, nikasema mtunza hazina hawezi kuwa mtu anayelia kama njuga akitembea.

"Basi zikae mfukoni kwako," alisema. "Toa mfuko tuuone."

Sikuwa na mfuko. Nilikuwa na shuka.

Kitu cha kununua nilikuwa nimeshakichagua. Katika duka la Mzee Abdi, Msomali aliyeuza kila kitu kuanzia sukari hadi kwato za kuchemshia gundi, palikuwa na kinanda cha mdomo, cha bati linalong'aa, ndani ya sanduku jekundu. Nilikuwa nimekitazama msimu mzima. Niliwaza jinsi ambavyo Habona angefurahi kukiona, na jinsi ambavyo, kwa kuwa mgonjwa hachoshwi, ingebidi mtu mwingine amsaidie kukitumia.

"Tukamwambie kwanza," Amina alisema uzi ulipojaa.

"Tukimwambia hatashangaa."

"Wewe unataka kujishangaza mwenyewe."

Tukaenda kumwambia. Habona alisikiliza akiwa amelala, macho kwenye makuti ya paa.

"Kinanda cha kupuliza?" aliuliza.

"Cha kupuliza," nikasema. "Na kuvuta. Ukivuta pia kinalia."

"Komora, mimi pumzi za kumezea uji sina. Nitoe wapi za kupuliza bati?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Amina akamwinua mabega mpaka kikatulia. Kisha akasema alichotaka, haraka, kama mtu aliyekuwa nacho tayari siku nyingi. "Nataka kamba. Ndefu. Itoke hapa kitandani ifike kwenye makopo ya shamba letu. Ndege nawaona kutoka hapa kabla yenu. Nawaona wakitua, nawaona ninyi mmelala, na siwezi kupiga kelele."

Niliona ni ombi la ajabu. Tulikuwa tunamtafutia raha, yeye anatafuta kazi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia.

Mama Hawa alikataa hata kabla ya Amina kumaliza kusema. "Watu watanionaje? Hawa kamtia mgonjwa kambani kama ng'ombe, ili aokoe mpunga? Mtoto huyu ni wa kupumzishwa." Alisema akiwa amempa Habona mgongo, na nilimwona Habona akigeuka ukutani tena.

Mzee Abdi naye hakutuelewa. "Jana kinanda, leo kamba," alisema akipima mkonge kwa mkono wake mrefu, kiwiko hadi vidole. "Wewe toto, nataka kuimba ama nataka kufunga ng'ombe?" Lakini aliponiona nalitazama lile sanduku jekundu, alituongezea pima moja bure.

Tulimwambia Mama Hawa kwamba ni kamba ya kuanikia nguo. Aliisifu. Ilipita juu ya miti ya panda kutoka mlangoni, ikashuka bondeni hadi dunguni, na kwenye sehemu iliyokuwa karibu na nyumba alianika leso zake siku ile ile. Hakuuliza kwa nini kamba ya nguo iende mbali hivyo. Kichwani mwa kitanda Amina aliacha kitanzi kidogo chini ya mto.

Siku mbili zikapita Habona asiiguse, kwa kumwogopa mama yake. Ya tatu zamu ilikuwa yangu. Jua la alasiri lilikuwa kali, mpunga unanukia kama maziwa ya moto, nami nikajilaza kidogo ili niwaze vizuri. Nilizinduliwa na makopo yote ya shamba yakilia kwa mkupuo mmoja kando ya masikio yangu. Mbele yangu kundi zima la ndege liliinuka kama mkeka uliokung'utwa. Mama Hawa, aliyekuwa akipalilia migomba pembeni, alikuja mbio na jembe. Alinitazama mimi, mwenye alama za fito shavuni, kisha akatazama juu nyumbani. Hapakuwa na upepo, na leso zake zilikuwa zinacheza.

Alipanda ukingo taratibu, nami nyuma yake nikitafuta maneno. Habona alikuwa ameketi, kitanzi mkononi, anahema. Nilidhani ataanguka. Macho yake yalikuwa bado bondeni.

"Wanarudi kule kwenye mkuyu, mama," alisema. "Niwavutie tena?"

Mama Hawa alilitua jembe. Kisha akaziondoa leso moja moja kwenye kamba, akaziweka begani. "Zilikuwa zinakutia uzito," alisema, akaingia ndani kutafuta mto wa pili wa kumwegemeza.

Tangu siku ile hatukulala tena dunguni. Mtu akisinzia, makopo yalilia hata kama hakuna ndege, na tulimwona kule mlangoni akitutazama. Jioni akaanza tena kuuliza: nani alikuwa zamu, kwa nini alichelewa. Uji aliumaliza. Siku ya mavuno Mama Hawa alimpimia kikapu chake mbele ya watu wote, akakishindilia, akakiweka chini ya kitanda.

Habona alimtuma Amina akiuze kikapu kile kwa Mzee Abdi. Amina alirudi na sanduku jekundu, akaliweka mapajani mwangu.

"Hicho chako," Habona alisema. "Ulikichangia kwa nguvu sana."

Nikakaa kizingitini nikapuliza. Nilipuliza vibaya, kwa bidii. Kabla sijafika mbali, makopo bondeni yakalia. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, ndege hawakuwepo. Watu waliokuwa uani wakacheka, mmoja akasema, "Kafukuzwa huyo." Nikarudisha kinanda ndani ya sanduku. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikianza, makopo. Mwishowe nikawa naenda kupuliza mtoni, mbali.

Habona aliishi kuona msimu mmoja tu zaidi wa mavuno. Kamba yake ilibaki pale mpaka mto ulipofurika ukaing'oa pamoja na dungu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimetoka chuo kikuu, nilimsimulia Amina kisa kile mbele ya wageni, kama kichekesho: jinsi mgonjwa alivyoninunulia kinanda kisha akanifukuza kama ndege. Wageni walicheka. Amina alingoja wamalize.

"Hakuwa akikufukuza," alisema. "Alikuwa anapiga pamoja na wewe. Wewe pumzi, yeye makopo. Kila siku ulikuwa unaacha pale pale anapoingia."