Dobi Aliyemsindikiza Bintiye Kituoni

Mtaani walimwita Pasi, jina ambalo hata mkewe alikuwa amelizoea. Dobi huyu alikuwa na kibanda kando ya kituo cha polisi, na sare za askari ndizo zilizomlisha. Alijua nani kapanda cheo na nani kaota kitambi. "Afande, kifungo hiki kinaomba likizo," aliwatania, nao wakicheka na kumwita mzee wetu.

Kisha kundi moja la vijana wenye msimamo mkali likalipua bomu sokoni, watu wakafa. Bunge halikukawia kupitisha sheria mpya: kundi likapigwa marufuku, na yeyote aliyewahi kukaa nalo kikao akawa mhalifu. Hata hivyo, waziri alisema redioni kwamba atakayejisalimisha mwenyewe atasikilizwa.

Binti wa pekee wa Pasi, fundi simu, alikuwa amehudhuria vikao vyao kabla ya bomu. Alipowasikia wakitaja damu, akajitoa. Sasa alimweleza baba yake yote.

"Twende tukaseme kweli, mwanangu," Pasi alisema. "Wale wananijua. Mimi ndiye ninayewavalisha."

"Wanakujua wewe, baba. Mimi hawanijui."

Mama mtu akasimama mlangoni. "Mwanangu haendi popote."

"Wakija kumchukua wenyewe itakuwa mbaya zaidi," Pasi akashikilia. Mwishowe mama akasogea.

Mkuu wa kituo aliwapokea vizuri. "Umefanya jambo la maana, mzee wetu." Akampeleka binti chumba cha ndani. Pasi akangoja kwenye benchi hadi jioni, akaambiwa aende nyumbani. Aliporudi kesho yake, binti alikuwa ameshahamishwa.

"Wapi?"

"Mzee, hilo siwezi kusema. Sheria hairuhusu."

Sheria ile iliruhusu mtu kuwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, na bila ndugu kujua alipo. Wakili ambaye Pasi alimwendea alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba hata yeye haruhusiwi kumwona. Askari mmoja akaja kuchukua sare zote, hata zilizokuwa bado mbichi kwenye kamba. Kituo, alisema, hakiwezi kufuliwa nguo na mzazi wa gaidi. Majirani nao wakaanza kumpita kama mti mkavu.

Mkewe hakumgombeza. Afadhali angegomba. Alihamia chumba cha binti, akawa anatoka kupika tu. Msimu ukapita, ukaja mwingine, na Pasi akaacha kwenda kuuliza, kwa kuwa walinzi wa getini walikuwa wapya na hakuna aliyemjua.

Siku moja, wakiwa mezani, mkewe akafungua kinywa.

"Alikuwa amekula?"

"Nani?"

"Mwanangu. Asubuhi ile, kabla hujamtoa hapa. Alikuwa amekula?"

Pasi alijaribu kukumbuka. Akajaribu tena. Hakukumbuka.