Foto ya mapasa wangu

Nikimuona yule fotografu wa karibu na gare ya treni, ninatema mate. Bantu bananiambia nisamehe. Nilisamehe, lakini bado ananichefua.

Nilikuwa nimezaa mapasa, batoto banamuke babili. Baba yabo, muntu wa reli, alikuwa kazini upande wa Bukama, hayabaona bado. Kwetu mapasa habatenganishwe: ukimupa mumoja kitu, unamupa na mwenzake; ukimusalimia mumoja, unamusalimia na mwenzake. Mume wangu akamupigia fotografu simu kutoka kule, aje nyumbani. Alitaka foto moja tu, bote babili, ajue sura zabo.

Akafika na aparey kubwa ya foto shingoni, ananuka pombe ya jana. Akaniwekea mutoto wa kwanza kwenye magoti, mbele, na wa pili nyuma kwenye bega. Akapiga haraka-haraka. Aliponionyesha kiyoo cha aparey, niliona kasanduku kadogo ka rangi ya majani, kale kanaonyesha pahali aparey inaangalia, kameshika uso wa mutoto wa kwanza, maana njo ulikuwa karibu. Wa pili alikuwa ukungu mutupu, hata macho hayaonekane.

Mbele ya kuolewa nilikuwa napigaga foto za parokia, kwa hiyo nilimuomba kwa heshima. Abalaze kwenye mukeka, vichwa kwa mustari mumoja. Asogee nyuma. Achague mwenyewe jicho la mutoto la kushika, abonyeze kifungo nusu, angojee aparey ishike vizuri, njo apige. Akacheka. Ati aparey iko otomatiki, iko na akili kupita mama. Kisha akasema, bila haya:

"Huyu wa nyuma tumukate, abakie huyu muzuri."

Mbele ya mama wa mapasa! Nilimwambia afute ile uchafu, na nikamufukuza inje ya lupango, mpaka barabarani.

Hakufuta. Alikuwa na namba ya mume wangu, na mulevi yule alitaka aonekane amefanya kazi. Akamutumia foto, ile aliyoikata, ya mutoto mumoja tu.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Mume wangu anazoea kupiga kelele kwenye simu, sababu rezo ya simu kule ni mbaya. Siku ile sauti yake ilikuwa ndogo, na hakunisalimia.

"Mama mapasa, usinifiche. Ni nani ametuacha, mukubwa ao mudogo?"

Bote babili balikuwa bananyonya. Nikabafinya, huyu na huyu, balie, baba yabo asikie.