Masizi ya Kwapani

Mokaya alikuwa mzee wa kanisa la Sabato nje kidogo ya Rongo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo aliwakemea wengi waliokwenda kwa waganga. Lakini mkewe, Nyasuguta, alipootwa na uvimbe kama harage kwenye titi la kulia, ni yeye mwenyewe aliyempeleka kwa mganga upande wa Rangwe. Alichagua siku ya Jumanne, waumini wakiwa mashambani. Hofu haijui nani ni mzee wa kanisa. Mganga alimchanja kwapani na kandokando ya titi, akapaka masizi ya mizizi iliyochomwa. Uvimbe haukujali.

Miezi minane baadaye walipofika hospitali huko Homa Bay, Nyasuguta alihofia zaidi mkono wake wa kulia. Ndio uliokata mboga za sukuma nyembamba kuliko mwanamke yeyote wa soko la Rongo, wateja wakipanga foleni kwake huku wenzake wakipiga miayo. Daktari Maranga akawaeleza polepole. Saratani ikitoka kwenye titi hupitia kwanza tezi za kwapani. Zamani walizitoa zote, na mkono ungeweza kuvimba maisha. Sasa wangedunga dawa ya kung'aa kwenye titi ifuate njia ileile, kisha kamera iwaonyeshe tezi ya kwanza iking'aa kwenye skrini. Wangeitoa hiyo tu pamoja na uvimbe, waipime. Ikiwa safi, nyingine haziguswi.

"Na hizi alama za kwapa ni za nini?" nesi Lorine aliuliza akijaza fomu. "Ni za juzijuzi?"

Nyasuguta akamtazama mumewe. Pembeni yao alikaa Mama Bosibori, shemasi, Biblia mapajani. Kanisa lao halikumwachia mgonjwa aende kupasuliwa bila shemasi wa kumwombea.

"Ni za utotoni, sista," Mokaya akajibu. "Nyanya yake alimchanja."

Lorine akaandika hivyo.

Siku ya upasuaji walikawia sana ndani. Daktari alipotoka, Mama Bosibori alikuwa amekwenda kutafuta uji.

"Mzee, kamera haikuona kitu," alisema. "Tumezima taa, tumemulika kwapa lote, giza tupu. Kufungua, nakuta tezi nyeusi tii, zimejaa kitu kama masizi. Masizi yanameza ule mwanga. Singeweza kujua ya kwanza ni gani, na siwezi kumwachia ile pengine iko na saratani. Nimetoa zote." Akamtazama. "Hizo chale ni za lini?"

"Za mwaka huu," Mokaya akasema, macho kwenye viatu vyake.

Daktari hakukasirika, na hilo lilimuuma Mokaya zaidi. "Ningejua, ningewatuma Nairobi. Kuna njia nyingine huko, haitegemei mwanga."

Mficha uchi hazai. Mokaya alikuwa ameihubiri methali hiyo mara ngapi, kwa sauti ya kutikisa mabati? Siku hiyo hakumwambia mkewe kuhusu masizi hayo. Wiki zilizofuata pia hakumwambia.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Tezi kumi na tano, na hakuna hata moja iliyokuwa na saratani. Mama Bosibori alianza wimbo palepale kwenye benchi. Nyasuguta alilia kwa furaha.

"Baba Marion, umesikia? Zote ni safi."

Mokaya alikuwa amesikia. Tezi moja tu ingetosha kuwaambia hayo. Alitamani afurahi pamoja naye, na sababu ya kufurahi ilikuwepo, mkewe alikuwa hai. Lakini furaha ilikataa kabisa kuja.

Nyasuguta akaunyoosha mkono wake wa kulia, umevimba hadi vidole havikunjiki vizuri.

"Sasa huu utarudi hali yake lini?" akamuuliza. Hakumuuliza daktari, alimuuliza yeye, kama alivyozoea kumwachia kila jibu la nyumba yao.

Mokaya akauchukua mkono huo mapajani mwake, akaanza kuvikanda vidole kimoja kimoja.