Honi Niliyoifunga Asubuhi

Jamani, hili jambo nimelificha hata kwa mke wangu, kwa sababu mtu mzima kulaliwa na pikipiki yake mwenyewe mbele ya watu wenye msiba, huku honi inalia, si habari ya kusimulia. Leo nasimulia kwa kuwa Petro ameanza kuieneza kwa namna yake, na namna yake ni mbaya zaidi.

Petro ni rafiki na jirani yangu hapa mtaa wa Utemini, mjini, na tulikuwa tunaandaa pikipiki mbili twende nazo Sumbawanga kwa dada yake, tukipitia Tabora na Mpanda. Tulishaweka tairi zenye meno, tukachomelea keria pana za mizigo, tukafunga taa za ziada. Kwangu ilibaki honi tu, maana ya kwangu ilikuwa inalia kama mbuzi mwenye mafua, na njiani kuna malori. Muuza spea za mitumba akatoa moja kwenye gunia, kubwa, yenye sauti nzito, akasema imetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Petro akaniambia niachane nayo. Nikamcheka, nikamwambia chuma hakina roho. Nikaifunga asubuhi ileile, nikapakia mifuko ya mchanga kwenye keria kama mzigo wa kujaribia, nikashika njia ya Mkalama peke yangu nione pikipiki itahimili vipi.

Nilipokaribia Kinyangiri nikakuta ng'ombe wamejaa barabarani, nikapiga honi. Mwenye ng'ombe, mtu mzima, badala ya kuwaswaga akavua kofia akasimama nao palepale. Mbele kidogo wanawake waliobeba kuni wakatua mizigo, wakanitazama bila kuitikia salamu (na huku kwetu mtu asiyeitikia salamu ama amekasirika ama ameona kitu). Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, upepo hakuna, hata mbwa hawabweki. Nikashusha kioo cheusi cha helmeti, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya vumbi.

Kufika kwenye nyumba moja yenye uzio wa minyaa, injini ikazimika kama imebanwa pumzi. Nikapiga honi ili mtu atoke anielekeze kwa fundi, mbili fupi na moja ndefu, na sijui kwa nini hivyo, kidole ndicho kilichoamua. Uani watu wamekaa kwenye mikeka wanasoma dua. Dua ikakatika. Wote wakageuka, na mama mmoja mzee akanyanyuka polepole, akasema, "Mfungulieni. Amechelewa, lakini amefika."

Nikabonyeza tena honi, sijui hata kwa nini, ikanasa, ikawa inalia mfululizo. Nikaruka nishuke, nikasahau mchanga, pikipiki ikanilalia mguu, nikawa nimelala kifudifudi mavumbini, makalio juu, mbele ya msiba mzima. Wanaume wawili wakaja kuinyanyua, nyuso wamezigeuzia pembeni. Mmoja akachomoa waya wa betri, honi ikanyamaza. Nikavua helmeti, na yule mama alipouona uso wangu akaketi chini kama mzigo uliotuliwa.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole, na upole huo ndio ulionifanya nitamani ardhi ipasuke. Yule aliyechomoa waya akanieleza kwamba ile ilikuwa arobaini ya Shabani, mtoto wa mama huyo, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki, na kwamba kila alipokuwa akirudi nyumbani alipiga honi mbili fupi na moja ndefu ili mama yake afungue. Nikaomba radhi, nikaeleza safari yetu na ile spea, nikasema honi naiacha pale.

Mama akakataa. "Tangu tumzike naisikia kila jioni," akasema. "Inapita tu. Leo ndiyo imesimama."

Nikamwambia, mama, nimeifunga leo asubuhi, kabla ya hapo ilikuwa kwenye gunia mjini. Kisha mama akaniomba kitu kimoja: Shabani siku ile ya ajali aliondoka bila kuaga, basi nikiondoka niipige kwa niaba yake. Nikarudisha waya. Injini ikawaka mara moja. Nikabonyeza honi, kimya. Nikabonyeza tena na tena, watu wamesimama wananisubiri, jasho linanitiririka, kimya. Aibu hii ilizidi ile ya kwanza, maana ile ya kwanza ilikuwa yangu peke yangu. Nikaondoka nimeinamisha kichwa.

Nilipovuka korongo, kidole changu kikiwa mbali kabisa na kitufe, ikalia. Mbili fupi, moja ndefu. Nyuma nikasikia kilio cha wanawake kikipanda, kisha kikashuka taratibu, kikatulia. Sikugeuka.

Petro anasema waya ulikuwa umelegea, na kwa kuwa umeme wa pikipiki anaujua, simbishii. Ila kuifungua nilimwachia yeye, na ndiye aliyeirudisha Kinyangiri kwa ndugu wa marehemu, nao baadaye wakamwambia Petro kwamba yule mama hasikii tena kitu jioni. Sumbawanga tulikwenda na kurudi salama. Lakini siku hizi sigusi spea ya mitumba kabla sijauliza mwenyewe wa kwanza yuko wapi, na muuzaji akisita kidogo tu, naondoka. Wauza spea wa mjini wananiita mpelelezi. Waniite.