Mukono wa santuri

Fundi cherehani ametia mafuta kwa mashine yake, na harufu hiyo imenirudisha uwanja wa misioni, kule Kasongo, siku ya Mungu baada ya misa. Mwenye kuzungusha mukono wa santuri ndiye alichagua wimbo. Kila mara alizungusha kapita, musimamizi wa shamba la pamba, yule aliyemupiga baba fimbo shambani, na kila mara alichagua Kilatini.

Siku moja mama akamutangulia, akashika ule mukono.

“Kapita, juma nzima unatuchagulia kazi. Leo wimbo nachagua miye.”

“Weye mama, Mungu anasikia Kilatini!”

“Basi leo ajifunze Kiswahili.”

Watu wakacheka. Mama akaweka wimbo wenye ngoma, tukacheza mpaka vumbi ikapanda.

Kapita naye alikuwa anapiga muguu chini, anafuata ngoma. Hata hilo sijamusamehe.