Ng'ombe wa Mkia Mfupi

Leo nimepandishwa ngazi nikamfunike ng'ombe wangu mwenyewe.

Mzee mwenye bucha hapa Mtoni kanipigia asubuhi: "Fundi, njoo na ngazi, kuna kazi ukutani."

Mie huyo, ngazi begani, brashi na kopo la rangi mkononi. Nilijua anataka nimpake upya yule ng'ombe niliyemchorea alipofungua bucha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Rangi za nini tena? Nimeshaprinti bango. We nifungie tu, si una ngazi?"

Akalikunjua pale barazani. Kubwa, linang'aa.

Nikamtazama ng'ombe wa kwenye bango. Mkia mfupi!

Jamani, mkia ule niliufupisha mie. Ukutani kuna mita ya umeme, nikakosa nafasi. Kwenye bango hakuna mita, nafasi tele, na mkia bado mfupi.

Yaani walimpiga picha ng'ombe wangu, wakamkuza. Pale miguuni nilipoandikaga jina langu, wameweka majani.

"Mzee, huyu si ng'ombe wangu?"

"Wako yule wa ukutani, fundi. Huyu wa kompyuta. Ona anavyong'aa!"

Nikapanda.

Niko juu, mama mmoja kaja kununua nyama, akasimama kushangaa bango. "Ng'ombe mzuri huyo! Kachora nani?"

Mzee hata hakuinua macho kwenye mizani.

"Mashine."

Nyie mngeshuka?

Mie nilikaza kamba.