Mkalimani wa Kikao cha Mafuta

Lorna, aliyekuwa akigawa chai ukumbini, hakubandua macho kutoka kwa mkalimani. Tangu asubuhi mama yule alisimama kati ya wazee wa kijiji na maafisa waliotoka mji wa Fairbanks kusikiliza maoni juu ya kuchimba mafuta pwani ya kaskazini, ndani ya hifadhi wanakozalia kulungu wa nchi za barafu. Kila mzee alipoanza kusema, yeye alifumba macho, vidole vikipapasa ukingo wa shali, kisha akayatoa maneno kwa Kiingereza kwa sauti ileile tulivu, tusi likabaki tusi na kilio kikabaki kilio.

Mchana akainuka mzee Abednego, mwindaji. "Kulungu wakihama tutakula nini, mabomba? Na humu kijijini yumo anayelipwa na hao watu wa mafuta. Kesho ataniletea bakuli kuomba nyama!" Kila mtu alijua kwamba mume wa mkalimani ni dereva kwenye visima vya mafuta vya zamani. Lorna alijimwagia chai mkononi asihisi. Mkalimani akafumba macho, akatafsiri yote, hata bakuli.

"Anamsema nani?" afisa akauliza.

Mkalimani angeweza kusema hajui. "Mume wangu," akajibu, shali ameikamata kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia mzee, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa, akamwambia kwa Kigwich'in, lugha ya kijiji: "Endelea, babu. Hujamaliza, nami sijachoka."